Gia za unga wa chuma: nguvu imepatikana, sasa hesabu ni ya bei

GIA ni kipuri kidogo chenye kazi ngumu. Jino moja la gia ndani ya giaboksi hukutana na jino la gia ya pili mara elfu kadhaa kila dakika, na kila mara hubeba mzigo wa injini kwa sehemu ndogo ya sekunde. Likikatika, gari haliendi, na mwenye gari huanza kuzunguka maduka ya spea.

Kwa miaka mingi viwanda vimetengeneza gia za namna hiyo kwa kuchonga pande la chuma cha pua. Iko njia ya pili: kushindilia unga wa chuma ndani ya kalibu na kuuoka. Njia hii hupoteza malighafi kidogo sana, lakini kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa haifai kwa giaboksi kwa kuwa gia zake zilikuwa dhaifu. Hali hiyo imebadilika. Viwanda vya Ulaya, Japani na Amerika Kaskazini sasa vinajua jinsi ya kuipa gia ya unga nguvu inayokaribia ile ya gia ya kuchonga.

Swali lililobaki kwa wenye fedha ni la bei. Je, nguvu hiyo inaweza kupatikana kwa gharama iliyo chini ya ile ya kuchonga? Na je, soko lake litadumu wakati magari ya umeme yanazidi kuongezeka?

UNGA UNAVYOGEUKA GIA

Kazi huanza na chuma kilichoyeyushwa, mara nyingi kutokana na chuma chakavu. Chuma hicho humiminwa kwa mkondo mwembamba na kupigwa na maji yenye kasi kubwa, kikatawanyika kuwa chembe ndogo kama mchanga laini. Miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa unga huo duniani ni Höganäs ya Sweden, kampuni iliyoanza mwaka 1797 kwa kuchimba makaa ya mawe.

Unga huchanganywa na grafiti, ile iliyomo ndani ya penseli, ili kuupa chuma kaboni. Huongezwa pia shaba, nikeli au molibdenamu kulingana na nguvu inayotakiwa, pamoja na kilainishi kidogo, kwa kawaida kisichozidi asilimia 1 ya uzito, ili unga uteleze vizuri ndani ya kalibu.

Mchanganyiko humiminwa kwenye kalibu lenye umbo la gia na kushindiliwa. Shinikizo la kawaida kwa kazi ngumu ni kama tani 7 kwa kila sentimita moja ya mraba. Kwa hiyo gia yenye kipenyo cha sentimita 10 na tundu la katikati la sentimita 5 huhitaji mashine ya kushindilia yenye uwezo wa zaidi ya tani 400. Hapo ndipo mwekezaji anapoona kuwa kazi hii haianzi na karakana ya uani.

Gia iliyoshindiliwa huwa na umbo kamili lakini huvunjika kwa mkono. Hupitishwa kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 1,120 hivi za Selsiasi, ndani ya naitrojeni iliyochanganywa na haidrojeni ili chuma kisishike kutu. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538, kwa hiyo ndani ya tanuri chuma chenyewe hakimiminiki. Chembe hushikana pale zinapogusana, na gia hutoka ikiwa kitu kimoja.

Njia hii si ngeni kwa magari. Mwishoni mwa miaka ya 1930 General Motors ya Marekani ilikuwa tayari ikitengeneza gia za pampu ya oili kwa unga wa chuma. Tangu hapo vipuri vingi vimefuata: gia za mnyororo wa injini, vipuri vya pampu, na vitovu vya kuunganishia gia ndani ya giaboksi. Gia zenyewe, zile zinazobeba mzigo wa injini hadi magurudumu, ndizo zilizobaki nje.

HEWA NDANI YA CHUMA

Sababu ni hewa. Sentimita moja ya ujazo ya chuma cha pua kisicho na tundu lolote ina uzito wa gramu 7.85 hivi. Unga ulioshindiliwa na kuokwa kwa njia ya kawaida hufikia gramu 7.0. Maana yake ni kwamba karibu asilimia 11 ya gia hiyo ni vitundu vidogo vilivyobaki katikati ya chembe.

Kwa kipuri cha pampu, vitundu hivyo havina madhara makubwa. Katika vipuri vingine vina faida, kwa kuwa hushika oili. Kwenye jino la gia ya giaboksi mambo ni tofauti. Chuma kinachopigwa mara nyingi huchoka kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa, na uchovu huo hutafuta mahali pa kuanzia ufa. Kitundu ni mahali pazuri pa kuanzia.

Jino huumia sehemu mbili. Ya kwanza ni shina lake, ambalo huvutwa kila jino linapobeba mzigo. Ufa ukianza hapo, jino hukatika lote. Ya pili ni ubavu wake, mahali meno mawili yanapobanana. Mkazo mkubwa wa ubavuni haupo juu kabisa ya uso bali ndani kidogo, chini ya milimita moja. Nyufa huanza hapo, zikapanda juu, na vipande vidogo vya chuma hubanduka. Fundi anapofungua giaboksi na kukuta meno yana mashimo mashimo, huo ndio ugonjwa wenyewe.

Kwa hiyo anayetaka gia ya unga yenye nguvu hana budi kuziba vitundu. Kila hatua ya kuviziba ina gharama yake, na hapo ndipo biashara inapoanza.

NJIA ZA KUZIBA VITUNDU

Njia ya kwanza ni kushindilia mara mbili: gia hushindiliwa, huokwa kidogo ili ilainike, hushindiliwa tena, kisha huokwa moja kwa moja. Chuma husongamana zaidi, lakini kila gia imepita kwenye mashine na tanuri mara mbili, na gharama imepanda.

Njia ya pili ni kupasha moto unga na kalibu hadi nyuzi 130 mpaka 150 kabla ya kushindilia. Chembe zikiwa na joto hukubali kubonyea kwa urahisi. Njia hii iliingia sokoni katikati ya miaka ya 1990 na hufikisha uzito wa gramu 7.3 au zaidi kidogo kwa kushindilia mara moja tu. Hewa hubaki kama asilimia 6 au 7.

Njia ya tatu ni kufua. Umbo la unga lililookwa hupashwa moto mkali na kupigwa ndani ya kalibu la pili mpaka vitundu karibu vyote vinakwisha. Hii ndiyo njia yenye nguvu kuliko zote, na imethibitika: tangu miaka ya 1980 Ford imekuwa ikitumia mikono ya pistoni iliyofuliwa kwa unga. Lakini makalibu yanayofanya kazi kwenye moto huchakaa haraka, na kwa gia nyingi hesabu hukataa.

Njia ya nne ndiyo iliyobadilisha mjadala. Wahandisi walijiuliza kwa nini walipie kuziba vitundu vya gia nzima wakati mzigo unabebwa na meno tu. Gia iliyookwa huwekwa katikati ya roli ngumu zenye meno, nazo huzunguka huku zikiibana. Meno ya gia huwa yameachwa manene kidogo makusudi, kwa sehemu ndogo ya milimita, na unene huo ndio unaosukumwa ndani. Baada ya muda mfupi ngozi ya jino, kwa kina cha nusu milimita hivi au zaidi, huwa haina vitundu vya kuhesabika. Moyo wa gia hubaki na hewa yake, na hakuna anayeulipia.

Hata hivyo, ngozi hiyo haina budi kuwa nene kupita kile kina ambacho mkazo huwa mkubwa. Ikiwa nyembamba, ufa utaanza chini yake na ngozi yote itabanduka. Pia lazima shina la jino lifikiwe na roli, si ubavu peke yake. Viwanda vinavyoshindwa katika kazi hii mara nyingi hushindwa katika jambo moja kati ya haya mawili.

MOTO WA MWISHO

Baada ya roli, gia huingizwa kwenye tanuri lenye gesi ya kaboni ili ngozi yake iwe ngumu, kisha hupoozwa haraka. Gia ya kuchonga hufanyiwa hivyo hivyo. Lengo ni ngozi ngumu na moyo unaoweza kuhimili mshituko.

Kwa gia ya unga kuna mtego. Gesi hupita kwenye vitundu na kwenda ndani sana, jino lote likawa gumu na lenye kukatika kama chaki. Dawa yake ni mbili kwa pamoja: kuziba ngozi kwanza kwa roli, na kutumia matanuri ya shinikizo la chini ambamo kaboni huingizwa kwa vipimo. Mwisho kabisa meno husawazishwa kwa jiwe ili gia isipige kelele.

Kazi ikifanyika hivyo, majaribio ya uchovu yaliyochapishwa na wataalamu wa fani hii huonyesha gia ya unga ikikaribia au kulingana na gia ya chuma cha kuchonga. Ikirukwa hatua moja, pengo hurudi.

HESABU YA FAIDA

Faida kubwa ya unga ni kutopoteza malighafi. Katika fani hii hukubalika kuwa zaidi ya asilimia 95 ya unga unaoingia hutoka ukiwa gia. Kwa kuchonga, karibu nusu ya chuma inaweza kuishia sakafuni ikiwa chenga. Kwa gia ya nusu kilo, njia ya kwanza hutaka gramu 525 hivi za unga, na ya pili inaweza kutaka kilo nzima ya chuma.

Kinyume chake, kalibu ni ghali, kwa kuwa hutengenezwa kwa metali ngumu kupita kiasi na kwa vipimo vya hali ya juu. Tuchukue mfano wa hesabu tu: kalibu na vifaa vyake vikigharimu dola 30,000 na gia zikawa 10,000, kila gia itabeba dola 3 za kalibu. Gia zikiwa 500,000, mzigo huo hushuka hadi senti 6.

Hesabu hiyo inaeleza kwa nini kazi hii inakaa na watengenezaji magari wakubwa. Giaboksi inayotengenezwa kwa mamilioni inafaa. Giaboksi ya trekta la aina chache haifai, na kuchonga kutaendelea.

Gia za mshazari, ambazo ndizo nyingi kwenye giaboksi kwa kuwa hazina kelele, huongeza ugumu. Gia haiwezi kusukumwa nje ya kalibu moja kwa moja; sharti izungushwe inapotoka, kama skrubu. Mashine za kufanya hivyo zipo, lakini bei yake ni nyingine.

Mwekezaji asisahau usalama. Vumbi laini la chuma linaweza kuwaka. Mwaka 2011, katika kiwanda kimoja cha unga wa chuma mjini Gallatin, jimbo la Tennessee, Marekani, matukio ya moto na mlipuko yaliyofuatana katika kipindi cha miezi michache yaliua wafanyakazi 5. Gharama ya kudhibiti vumbi na haidrojeni ni sehemu ya gharama ya gia.

NIKELI NA MSHITUKO WA 2022

Kwa wafuatiliaji wa soko la metali, jambo la kutazama ni kilichomo ndani ya unga. Aina moja ya unga wa nguvu iliyotumika sana ina nikeli asilimia 4, shaba asilimia 1.5 na molibdenamu asilimia 0.5. Asilimia 4 inaonekana ndogo, lakini ni kilo 40 za nikeli katika kila tani ya unga. Nikeli ikiwa dola 15,000 kwa tani, hiyo ni dola 600. Ikipanda hadi dola 30,000, ni dola 1,200.

Machi 8, 2022, bei ya nikeli katika Soko la Metali la London iliruka kupita dola 100,000 kwa tani. Uongozi wa soko ulisimamisha biashara ya metali hiyo na kufuta mauzo ya siku ile. Hakuna kiwanda cha gia kinachoweza kupanga bei ya mwaka mzima kwa malighafi inayoruka hivyo.

Ndiyo maana watengenezaji unga wameweka nguvu katika aina zisizo na nikeli, zinazotumia kromiamu na molibdenamu. Kromiamu ni nafuu zaidi, ila hushika oksijeni upesi, kwa hiyo tanuri hutaka gesi safi na kavu zaidi. Wanaotazama nikeli ya Afrika Mashariki, hasa mradi wa Kabanga wilayani Ngara, Tanzania, wajue kwamba gia za unga ni mteja mdogo anayejitahidi kuondoka. Chuma kisichoshika kutu na betri ndivyo vinavyoamua bei.

GARI LA UMEME

Tishio kubwa kwa gia za unga halitoki kwa gia za kuchonga. Linatoka kwa gari lisilo na giaboksi ya kawaida. Gari la injini lina gia nyingi za kubadilisha mwendo, gia za mnyororo na pampu kadhaa. Magari mengi ya umeme yana gia chache tu za kupunguza kasi ya mota, bila ya kubadilisha. Porsche Taycan, iliyotoka mwaka 2019 ikiwa na mwendo wa gia mbili kwenye ekseli ya nyuma, imebaki kuwa moja ya chache za namna hiyo.

Gia hizo chache, hata hivyo, hufanya kazi ngumu zaidi. Mota ya umeme huzunguka kwa kasi ya mizunguko 15,000 kwa dakika na zaidi, na kwa kuwa hakuna ngurumo ya injini, kila kelele ya gia husikika. Zinahitajika gia zenye vipimo sahihi mno, nyepesi na za kudumu. Watetezi wa unga husema hapo wana nafasi: gia yao ni nyepesi kwa asilimia kadhaa, na kalibu linaweza kuipa matundu ya kupunguza uzito bila gharama ya kuchonga. Wapinzani hujibu kuwa kwa kasi hiyo hakuna anayetaka kujaribu bahati. Mahitaji ya vipande vingi kwa kila gari, kwa vyovyote, yatapungua.

FEDHA ZIKO WAPI

Mwekezaji mdogo anayetaka hisa za kampuni inayoshughulika na gia za unga peke yake atapata shida. Höganäs iliondoka kwenye soko la hisa la Stockholm mwaka 2013 baada ya kununuliwa na wawekezaji wawili wa Sweden. Stackpole ya Canada, yenye jina katika vipuri vya unga vya giaboksi, ilichukuliwa na Johnson Electric ya Hong Kong mwaka 2015. GKN Powder Metallurgy ya Uingereza iliingia katika kampuni ya Dowlais mwaka 2023, na Januari 2025 American Axle & Manufacturing ya Marekani ilitangaza makubaliano ya kuinunua Dowlais. Sumitomo Electric ya Japani hutengeneza vipuri vya unga, lakini hicho ni kipande tu cha biashara yake kubwa.

Kwa maneno mengine, fani hii imemezwa na makampuni makubwa. Anayenunua hisa zao ananunua pia nyaya, mota na ekseli. Kabla ya kununua, atazame ni asilimia ngapi ya mauzo inatokana na unga, na ni kiasi gani cha hicho kinategemea magari ya injini.

KWA WAUZA SPEA

Afrika Mashariki hununua magari mengi yaliyokwisha kutumika, mengi yakitoka Japani. Kenya hairuhusu gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8, kwa hiyo mabadiliko ya viwandani hufika barabarani baada ya miaka kadhaa. Mahitaji ya spea za giaboksi hayatakwisha kesho, na vipuri vya unga vimo tayari ndani ya magari hayo.

Wauzaji na mafundi wakumbuke mambo matatu. Kipuri chenye uso mwororo usio na alama za kuchonga si lazima kiwe bandia. Huenda mtengenezaji wa gari alikiagiza hivyo tangu mwanzo. Pili, kipuri cha unga hakifai kuchomelewa ovyo, kwa kuwa oili iliyoingia kwenye vitundu huchafua weldi na jino hukatika tena. Tatu, mizani inaweza kusaidia. Gia mbili zikiwa na umbo na vipimo sawa, moja ya asili na moja ya kuiga, na ile ya kuiga ikawa nyepesi kwa kiasi kinachoonekana, hewa imebaki nyingi ndani yake. Gia ya kuiga ambayo haikupita kwenye roli wala kukazwa ngozi inaweza kufanana na ya asili kabisa kaunta ya dukani, ikafa katika safari ya kwanza yenye mzigo.

YA KUTAZAMA

Anayefuatilia eneo hili atazame bei ya nikeli na molibdenamu, maagizo mapya ya giaboksi kutoka kwa watengenezaji magari, na mikataba ya gia za magari ya umeme. Kampuni ikitangaza gia mpya ya unga yenye nguvu, maswali ni yale yale: vitundu vimezibwa kwa kina gani, jino limepita hatua ngapi mpaka kukamilika, na ni gia ngapi zitatoka kwenye kalibu moja. Tangazo lisilojibu swali la tatu halijaeleza faida itatoka wapi.